Jeni Ipo. Je, Inasomwa?

Hotuba hii niliitoa kwenye kongamano la walimu na wanafunzi wa baiolojia. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka hapa yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na pale maneno yalipozitegemea nimeongeza sentensi moja au mbili.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni waalikwa. Naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana nimepewa muda mfupi na mada yenyewe ni ndefu.

Nianze na swali. Tuchukue seli ya ini na seli ya ubongo. Ya kwanza inachuja sumu, inahifadhi sukari, inatengeneza nyongo. Ya pili ina mkia mrefu na inapeleka habari kwa umeme. Ukizitazama kwa hadubini huwezi kuamini kwamba ni za mtu mmoja. Lakini toa DNA ya hii, toa na ya ile, uzisome. (DNA ni uzi wa maagizo ya mwili, yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, T, G na C; jeni ni kipande cha uzi huo.) Utakuta kitu kilekile: herufi takriban bilioni 3 zilizotoka kwa mama, na nyingine kiasi hicho zilizotoka kwa baba. Ini lina jeni za ubongo. Ubongo una jeni za ini. Basi tofauti inatoka wapi?

Zamani lilikuwapo jibu jepesi, kwamba seli inapokomaa hutupa jeni isizozihitaji au huziua kabisa. Ni jibu linaloeleweka haraka, na si kweli. Mwaka 1962, John Gurdon wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha matokeo ya majaribio yake ya vyura. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa kwa miale. Mayai mengi yalikufa. Machache yaliendelea mpaka yakawa vyura wenye macho, moyo, ngozi na misuli. Sasa jiulizeni wenyewe: jeni za jicho zilitoka wapi, kama seli ya utumbo ilikuwa imezitupa? Zilikuwamo muda wote. Zilikuwamo, ila hazikuwa zinasomwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo. Kuwa na jeni ni jambo moja; jeni kusomwa ni jambo jingine. Kila mara tunasikia kwamba jeni ya ugonjwa fulani imegunduliwa. Sawa, imegunduliwa. Lakini ulizeni swali la pili. Inasomwa na seli zipi? Lini? Kwa amri ya nani?

(Hapa mwalimu mmoja aliuliza kuhusu chembe nyekundu za damu. Ni kweli, zikikomaa hutoa nje kiini kizima na DNA yake yote, na baadhi ya seli za kinga hukata na kuunga upya vipande vya jeni zao. Chembe nyekundu nilikuwa nimeziwekea nafasi mbele. Tutazitazama zikiwa bado na kiini.)

Kusomwa maana yake nini hasa? DNA haitoki kwenye kiini cha seli. Kinachotoka ni nakala yake, RNA. Mashine inayonakili ni protini kubwa iitwayo polimerasi ya RNA. Inashika DNA mwanzoni mwa jeni, inatenganisha nyuzi mbili, kisha inatembea ikiunda RNA herufi moja baada ya nyingine. Nakala ikishakamilika na kusafishwa, inatolewa nje ya kiini, na huko protini inatengenezwa kwa kuifuata. Kazi hii tunaiita unakili wa jeni. Katika seli zetu polimerasi hunakili herufi elfu kadhaa kwa dakika. Mnaona ni kasi kubwa? Jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2. Kuinakili mara moja huchukua takriban saa 16. Saa 16 kwa nakala moja! Kazi ya namna hiyo seli haiwezi kuianzisha ovyo.

Na mashine hii ikikwama, maisha yanakwama. Uyoga uitwao Amanita phalloides una sumu inayoing'ang'ania polimerasi yetu, na aliyeula ini lake huanza kufa ndani ya siku chache. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo inaikwamisha polimerasi, ila ni ile ya bakteria. Yetu inaiacha ifanye kazi. Mgonjwa anapona kwa sababu vimelea wake wameshindwa kunakili jeni zao.

Zipo njia nyingine za kudhibiti jeni baada ya kunakiliwa. RNA inaweza kukatwa hivi au vile, au kuharibiwa mapema. Leo sizigusi. Nabaki mlangoni, pale polimerasi inapoanza au inapozuiwa.

Twendeni Paris.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabaiolojia Mfaransa Jacques Monod alikuwa akikuza bakteria aina ya Escherichia coli kwenye chupa zenye sukari mbili kwa pamoja, glukosi na laktosi. Akapima ukuaji wao na kuuchora kwenye grafu. Mstari ulipanda, ukalala, kisha ukapanda tena. Utazameni mstari huo (ndio uliokuwa ukutani). Pale katikati palipolala, bakteria hawakuongezeka. Kwa nini? Chakula bado kilikuwamo chupani. Walikuwa wamekula glukosi yote bila kugusa laktosi, na glukosi ilipokwisha wakasimama kwanza watengeneze vimeng'enya, yaani protini za kuvunjia laktosi, ndipo wakaendelea. Kiumbe wa seli moja! Hana macho, hana ubongo. Nani amemwambia kwamba glukosi imekwisha?

Monod alilibeba swali hilo kwa miaka mingi, huku kwa upande mwingine akiwa mpiganaji wa siri dhidi ya Wanazi waliokuwa wameikalia nchi yake. Baada ya vita akakutana na François Jacob katika Taasisi ya Pasteur. Jacob alikuwa na nia ya kuwa daktari wa upasuaji, lakini alijeruhiwa vibaya Normandy mwaka 1944 na safari hiyo ikakatika. Yeye alikuwa akichunguza virusi vinavyolala ndani ya bakteria bila kuwadhuru, kisha siku moja vinaamka. Maswali mawili, jengo moja. Jacob amesimulia kwamba siku moja ya mwaka 1958 alikuwa ameketi sinema, filamu haimwingii, ndipo ghafla akaona kwamba swali lake na la Monod ni moja. Kotekote kuna kitu kinachokaa juu ya DNA na kuzuia jeni zisisomwe.

Ushahidi ulikuwa njiani tayari, na naomba tuutazame kwa karibu kwa sababu ni kazi ya mikono iliyopangwa kwa akili nyingi. Pamoja na Mmarekani Arthur Pardee, walichukua bakteria walioharibika jeni mbili: ile ya kimeng'enya cha laktosi, na ile inayohusika na udhibiti. Wakawaingizia jeni zote mbili zikiwa nzima. Laktosi hawakuwapa. Ndani ya dakika chache kimeng'enya kikaanza kutengenezwa. Ajabu, maana hakikuhitajika. Wakasubiri, wakaendelea kupima. Baada ya saa moja na zaidi, kimeng'enya kikaacha kutengenezwa. Kikaacha! Mnaona maana yake? Ile jeni ya udhibiti ilikuwa ikitengeneza kitu ndani ya seli, kikawa kinaongezeka polepole, na kilipotosha kikaifunga kazi. Kwa hiyo hali ya kawaida ya jeni za laktosi ni kusomwa. Kinachozizuia ni kizuizi, na kizuizi chenyewe kinatokana na jeni nyingine.

Makala yao kuu ilitoka mwaka 1961, na mwaka 1965 Jacob, Monod na mwenzao wa Taasisi ya Pasteur, André Lwoff, wakapewa Tuzo ya Nobel. Kizuizi chenyewe kilikuja kukamatwa mwaka 1966 na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ni protini. Bakteria mmoja anazo takriban 10 tu, ndiyo maana kuikamata kulikuwa taabu.

Inafanyaje kazi? Inakaa mwanzoni mwa jeni za laktosi, hivyo polimerasi haiwezi kuanza. Laktosi inapoingia kwenye seli, kiasi kidogo chake hubadilishwa na kuwa aina nyingine ya sukari inayofanana nayo. Sukari hiyo inaishika protini ya kizuizi, umbo la protini linabadilika, inaiachia DNA. Njia iko wazi. Lakini bado haitoshi, kwa sababu polimerasi peke yake inaanza kwa uvivu mahali hapo. Inahitaji kusukumwa na protini ya pili, ambayo hufanya kazi pale tu glukosi inapopungua. Kwa hiyo bakteria anajibu maswali mawili. Laktosi ipo? Glukosi imekwisha? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, jeni zinasomwa kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia chochote. Sukari yenyewe ndiyo habari.

Nimekaa sana kwa bakteria, nami najua baadhi yenu mnajiuliza mtu anaingia wapi. Tunakuja huko, ila tupitie kwa nzi.

Mwaka 1995, mjini Basel nchini Uswisi, Walter Gehring na wenzake walichukua jeni moja ya nzi wa matunda na kuilazimisha isomwe mahali ambapo kwa kawaida haisomwi: kwenye seli za buu zitakazokuwa mabawa, miguu na papasi, vile vipembe vya kichwani. Nzi walipokomaa walikuwa na macho kwenye mabawa. Macho kwenye miguu. Macho kwenye ncha za papasi. Mekundu, yenye vijicho vidogo vilivyopangwa kama katika jicho halisi la nzi. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifundisha darasani hunyamaza kidogo niwape watu nafasi. Walichukua jeni kama hiyo kutoka kwa panya, iitwayo Pax6, wakaiweka kwa nzi. Likaota jicho. La nani? La panya? Hapana, likaota jicho la nzi.

Kwa nini la nzi? Kwa sababu jeni ile haina jicho ndani yake. Kazi yake ni kutengeneza protini inayokwenda kushika DNA na kuamuru jeni nyingine zisomwe. Amri imetoka kwa panya, lakini jeni zilizoipokea ni za nzi, basi zimejenga wanachokijua nzi. Sisi pia tunayo PAX6. Mtoto akizaliwa na nakala moja iliyoharibika, mara nyingi macho yake hukosa ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni.

Protini za aina hii, ninazoziita protini za amri ili tusichoke, mwanadamu anazo takriban 1,600 kati ya jeni zake kama 20,000 zenye maagizo ya protini. Kila moja inatambua mfuatano mfupi wa herufi kwenye DNA na kuushika. Kwa sasa nitaitaja moja tu kwa jina, GATA1, inayotawala kazi ndani ya seli changa zinazoelekea kuwa chembe nyekundu za damu. Yenyewe hutafuta herufi G-A-T-A. Likumbukeni jina hilo, tutalihitaji mara mbili.

Lakini hebu tufikiri. Herufi nne mfululizo, ndani ya DNA yenye mabilioni ya herufi, zitatokea mara ngapi kwa bahati tu? Mamilioni ya mara. Kwa hiyo protini moja ya amri ikishika mahali pamoja haiamui kitu. Zinahitajika kadhaa, bega kwa bega, kwenye kipande kilekile cha DNA. Seli ya damu ina kundi lake, seli ya neva ina kundi lake. Kundi ndilo linaloamua.

Na vipande hivyo viko wapi? Kimoja kiko mwanzoni kabisa mwa jeni, pale polimerasi inapotua. Vingine, tunavyoviita vichocheo, vinaweza kuwa mbali mno. Swichi ya taa haikai juu ya taa. Unaweza kuikuta mlangoni na taa iko katikati ya dari. Ipo jeni inayopanga vidole vya mkono wakati mimba inakua. Kichocheo chake kiko umbali wa herufi takriban milioni 1 kutoka kwake, tena kimejificha katikati ya jeni nyingine isiyohusika na vidole. Herufi moja ikibadilika katika kichocheo hicho, mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada, huku jeni yenyewe ikiwa nzima kabisa. Milioni nzima ya herufi! Inawezekanaje? DNA inajikunja, cha mbali kinaletwa karibu, protini zilizo kwenye kichocheo zinagusana na zile zilizo kwenye mwanzo wa jeni.

Kukunjwa huku kuna upande mwingine nitakaoupitia haraka. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia karibu mita 2, nayo imo ndani ya kiini usichoweza kukiona kwa macho. Imezungushwa juu ya protini zinazoitwa histoni, herufi kama 147 kwa kila fungu la histoni nane. Palipofungwa kwa kubana, polimerasi haipati pa kushika, palipolegezwa, inapata. Seli huweka alama ndogo za kikemikali juu ya histoni na juu ya DNA yenyewe ili kubana na kulegeza, na alama nyingi huendelea kuwapo seli inapogawanyika. Ndiyo maana seli ya ini ikigawanyika huzaa seli ya ini. Alama hizo zinafutika, na Shinya Yamanaka alilionyesha hilo mwaka 2006 aliporudisha seli za kawaida za panya kwenye hali ya uchanga kwa kutumia protini za amri nne tu. Yeye na Gurdon waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2012, miaka 50 baada ya wale vyura.

Sasa tuje kwa afya za watu. Ninyi mnaosomea udaktari, kaeni vizuri.

Watu wengi sana wenye asili ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati hawana protini iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu za damu. Kimelea mmoja wa malaria, Plasmodium vivax, huitumia protini hiyo kama mahali pa kushikia anapoingia kwenye chembe. Asipoipata, anahangaika. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vivax kuwa haba katika maeneo hayo, ingawa kinga yenyewe si kamili, na watu wasio na Duffy kwenye damu wamewahi kukutwa na kimelea huyo.

Swali langu kwenu ni hili. Watu hawa wamepoteza jeni ya Duffy? Nyanyueni mikono wanaosema ndiyo. (Walinyanyua wengi.)

Hawajaipoteza. Jeni ipo, nzima. Mwaka 1995 watafiti waliokuwa Ufaransa walionyesha kilichotokea: herufi moja imebadilika, T imekuwa C, na mahali penyewe ni kabla ya jeni kuanza, pale pale GATA1 inaposhika. GATA1 inafika, haipatambui, inapita. Jeni haisomwi. Lakini haisomwi wapi? Kwenye seli za damu tu, kwa sababu huko ndiko GATA1 inakotoa amri. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ambako jeni hiyo inatii amri nyingine, protini ya Duffy inatengenezwa kama kawaida. Mwili umefungiwa mlango mmoja kwa kimelea bila kupoteza kazi nyingine ya protini hiyo. Kama mabadiliko yangeharibu jeni yenyewe, ingepotea kotekote.

Upande wa shari nao upo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza saratani ya watoto iliyovimbisha taya kwa kasi ya kutisha. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Miaka ya 1980 ikabainika kinachotokea ndani ya seli hizo. Kromosomu mbili, yaani nyuzi mbili za DNA zilizokunjwa, zimekatika na kubadilishana vipande, mara nyingi namba 8 na namba 14. Jeni ya MYC, inayohimiza seli kugawanyika, imehama kutoka kwao na kutua karibu na kichocheo cha jeni za kingamwili. Seli hizi ni za kinga, kazi yao ni kutengeneza kingamwili, hivyo kichocheo hicho kinafanya kazi usiku na mchana. Masikini MYC imehamia kwa jirani asiyelala. Protini inayotoka bado inafanya kazi yake, tatizo ni kwamba inaagizwa bila kukoma.

Nimebakiza hadithi moja, na ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu.

Wote mnaijua selimundu. Kwenye jeni ya beta, inayotengeneza sehemu ya himoglobini ya mtu mzima, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, herufi moja imebadilika. Himoglobini inagandamana, chembe zinakuwa kama mundu, zinaziba mishipa, maumivu yanaanza. Hapa kosa liko kwenye jeni yenyewe, nakiri. Lakini kuna jambo ambalo daktari Janet Watson wa New York aliliandika mwaka 1948, akiwa ameona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili. Dalili huanza baada ya miezi kadhaa. Kwa nini? Wana jeni ileile tangu mimba ilipotungwa!

Wana jeni ileile, ila haijaanza kusomwa sana. Mtoto akiwa tumboni anatumia jeni nyingine, za gama, zinazotengeneza himoglobini ya mtoto. Hiyo inashika oksijeni kwa nguvu zaidi, ili aweze kuipata kutoka kwenye damu ya mama. Karibu na kuzaliwa, mwili unabadili. Gama zinazimwa, beta inawashwa. Kwa mtoto wa kawaida hakuna anayeona tofauti. Kwa mwenye selimundu, ndipo mateso yanapoanza. Na angalieni jambo hili: gama haijaenda popote. Mgonjwa mwenye umri wa miaka 30, anayelia kwa maumivu usiku, ana jeni za gama nzima katika kila seli changa ya damu yake. Zipo. Hazisomwi.

Basi nani amezizima? Madaktari walijua kwamba wapo watu wachache ambao gama zao hazizimiki vizuri, nao wakirithi selimundu huumwa kidogo tu. Uchunguzi wa jeni za watu wengi uliosonga mbele kati ya 2007 na 2008 ukaelekeza kwenye protini ya amri iitwayo BCL11A. Hiyo ndiyo inayoizima gama. Ukiiondoa BCL11A, gama inaamka.

Mnaona furaha? Ngojeni kwanza. BCL11A inahitajika pia kwenye ubongo na kwenye seli za kinga. Ukiiharibu mwili mzima umemwua unayetaka kumponya. Ufanyeje?

Wanafunzi, jibu mmeshalisikia leo.

Mwaka 2013 watafiti wa Boston walionyesha kwamba BCL11A ina kichocheo kinachoifanya isomwe kwenye seli za chembe nyekundu. Na ndani ya kichocheo hicho, pale penye nguvu, kuna nini? Herufi za kushikiwa na GATA1. Basi wakati wa matibabu seli shina za damu, zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa kwa mgonjwa, DNA yake hukatwa mahali hapo hasa kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA mahali palipochaguliwa, na seli hurudishwa mwilini. GATA1 inafika, haipatambui, inapita. Kwenye seli hizo BCL11A inapungua, gama inaamka, himoglobini ya mtoto inarudi kwa mtu mzima. Maagizo ya protini ya BCL11A hayakuguswa. Jeni ya beta yenye kosa haikuguswa. Gama haikuguswa. Kilichoguswa ni swichi ya kitu kinachozima kitu. Maumbile yalifanya jambo la namna hiyohiyo kwa Duffy, kwa herufi moja, bila maabara wala mkasi.

Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali za kufuta uboho wa mifupa, zenye hatari zake, pamoja na ya kupoteza uwezo wa kuzaa. Analazwa wiki nyingi. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, wakati watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani wanazaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Hesabu hiyo hailipiki.

Ndiyo maana leo mbio kubwa ni za kuamsha gama kwa kidonge. Kidonge kimoja tunacho tayari, haidroksiyurea, ambacho kwa wagonjwa wengi hupandisha himoglobini ya mtoto. Utafiti uliofanyika kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto waliokitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Hakiamshi gama kwa kila mtu, wala hakiiamshi kikamilifu, na mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara. Wanaotafuta kilicho bora zaidi wanatafuta molekuli ndogo itakayoingia kwenye seli changa ya damu na kuivunja BCL11A, au kuizuia isishike DNA. Ni kazi ngumu, kwa sababu protini nyingi za amri hazina tundu zuri la dawa kukaa. Wanafunzi wa kemia walioketi kule nyuma, suala hilo liko mikononi mwenu kuliko mwangu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa nipo tayari kwa maswali.